Kipande cha Nne cha Pafu la Kulia

Jumamosi, mwezi wa saba, saa kumi jioni

Baridi ya leo si ya mchezo. Tangu asubuhi Mlima Meru umejifunika wingu mpaka shingoni, na sisi wa huku chini tunatembea tukitoa moshi mdomoni kama wavuta sigara. Nimevaa masweta mawili na bado vidole vinagoma kuandika. Lakini nacheka peke yangu. Dada anayesimamia kafe hii ya intaneti ameshanitazama mara mbili. Na atazame tu.

Nimefaulu.

Naandika tena ili nilione neno lenyewe kwenye kioo: nimefaulu. Mtihani wa kurudia wa anatomia umepita, na Jumatatu naingia darasani kama wenzangu.

Najua nilinyamaza kwenye blogu hii wiki sita nzima. Wasomaji wangu mko watatu: rafiki yangu Zuhura, binamu yangu wa Moshi, na mtu nisiyemjua ambaye huandika "pole dada" chini ya kila ninachoandika, hata kiwe cha furaha. Nawaomba radhi. Sikuwa na kitu cha kuandika ila aibu, na aibu ikiwa bado mbichi haiandikiki. Leo imeiva. Naisimulia yote, hata zile sehemu ambazo mimi ndiye mkosaji.

Nianze na baba.

Baba yangu ana bucha Kwa Mrombo. Zamani alikuwa mkata nyama kwenye shirika la umma. Shirika likauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akarudi nyumbani na visu vyake na koti jeupe. Ilikuwa ile miaka ambayo kila mtu alikuwa anafungua kitu, huyu duka, yule saluni, mwingine kibanda cha kupigia simu. Baba alikodi chumba kimoja, akapaka kuta rangi nyeupe, akaandika BUCHA nje kwa rangi nyekundu. Hakupima nafasi vizuri, kwa hiyo herufi A ya mwisho imepanda juu ya fremu ya mlango. Mpaka leo hajairekebisha. Anasema wateja wanaitambua bucha kwa hiyo A.

Nilipokuwa darasa la pili alianza kunichukua machinjioni siku za Jumamosi. Mama alilalamika, mtoto wa kike anafuata nini kule? Baba akajibu kwamba anafuata elimu.

Na kweli ilikuwa elimu. Kifua cha ng'ombe kikishafunguliwa, kabla mkaguzi wa nyama hajafika na mhuri wake, baba hukunja mkono wa koti na kupitisha kiganja kati ya mapafu na mbavu, polepole, kutoka juu mpaka chini. Kiganja kikiteleza bila kukwama, husema, "Mkono unapita." Maana yake mnyama alikuwa mzima, kazi iendelee. Kikikwama, baba huweka kisu chini na kumsubiri mkaguzi, hata kama wateja wanamngoja bucha tangu alfajiri. Sijawahi kumwona akiharakisha hapo.

Watu wengi hununua mapafu kwa ajili ya mbwa. Kwetu yalikuwa darasa. Baba aliyaweka mezani, akanifundisha kuyahesabu. Pafu la kulia la ng'ombe lina vipande vinne. Kimoja kidogo kimejificha katikati, nyuma ya moyo, na ukitaka kukiona lazima ukitafute kwa kidole. Tena kuna tawi la bomba la hewa ambalo halingoji bomba ligawanyike, linachomoka juu mapema na kwenda zake kwenye kipande cha kwanza. Baba alinionyesha hayo yote kwa majivuno, kama mtu anayemtembeza mgeni kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Sasa ungamo.

Mwaka huu nimeanza kusomea utabibu. Tulipofika sura ya mapafu, niliiruka. Si kwamba niliisoma nikasahau. Niliiruka. Nilimwambia Zuhura kwamba mapafu nayajua tangu darasa la pili, aniache nisome figo. Zuhura akaniangalia, akasema, "Shoga, lakini hao wa kwenu si ng'ombe?" Nikamwambia kifua ni kifua. Naomba msinicheke sana.

Mtihani wa anatomia kwetu una sehemu ya kuulizwa kwa mdomo. Unaingia peke yako, unakaa mbele ya daktari mmoja ambaye wanafunzi tunamwita Mzee Endelea. Maswali anauliza kwa Kiingereza, ila ukishajibu husema neno moja tu la Kiswahili. Ukijibu sawa, "Endelea." Ukijibu pumba, "Endelea." Uso wake haukupi hata fununu.

Akaniuliza pafu la kulia lina vipande vingapi.

Vinne, nikasema, bila hata kupepesa.

"Endelea."

Na mimi nikaendelea! Nikakieleza kile kipande kidogo cha katikati. Nikamwambia kimejificha wapi na unakipataje kwa kidole. Nikamweleza na lile tawi linalochomoka mapema. Kila aliposema endelea nilijiona napaa. Nilimaliza nikiwa nimekunja mikono kifuani, nasubiri sifa. Yeye akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akahamia Kiswahili.

"Binti, huyo unayemwelezea ana pembe?"

Mtu ana vitatu. Pafu la kulia la mtu lina vipande vitatu, la kushoto viwili, na hivyo anavijua hata aliyefungua kitabu mara moja. Baada ya hapo kichwa kilikuwa cheupe. Hata zile figo nilizokesha nazo ziliniponyoka.

Chuoni kwetu ukifeli unapewa nafasi moja ya kurudia. Ukifeli tena, unafungasha virago.

Jioni ile nilikwenda nyumbani, na hapa ndipo pananiuma kuliko kufeli kwenyewe. Baba aliniuliza imekuwaje. Nikamwambia, "Ni wewe, baba. Umenifundisha mapafu ya ng'ombe, nikayapeleka kwa watu."

Mama aliacha kukoroga uji. Baba hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema, "Kumbe," akatoka nje kufunga mbuzi, na alichukua muda mrefu sana kufunga mbuzi watatu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nyumbani, lakini hakunigongea mlango twende machinjioni. Nilipomfuata akaniambia, "Kazi ya leo si yako, mama. Kasome." Nikapita bucha mchana, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Mapafu yalikuwa pembeni ya meza, yamefunikwa gazeti. Baba yangu alikuwa ameyafunika mapafu gazeti kwa ajili yangu.

Nilijua kabisa kosa si lake. Kitabu kilikuwepo, kina picha za rangi, na mimi ndiye niliyekiruka. Lakini kuomba msamaha kabla ya kufaulu niliona kama nusu ya kazi. Nikaahirisha wiki ya kwanza, nikaahirisha ya pili, mpaka zikafika sita.

Aliyeniokoa ni Zuhura. Yeye alifaulu mara ya kwanza na angeweza kulala zake. Badala yake alinunua fulana nyeupe ya mtumba, kubwa, inamfika magotini, tukachora mapafu ya mtu kwa kalamu nene: kulia vitatu, kushoto viwili. Kila jioni alikuwa anaivaa juu ya gauni, mtandio wake kichwani, anasimama uani kwao Daraja Mbili, na mimi namgusa kipande kimoja kimoja nikikitaja. Nikikosea ananipiga kofi la mkononi. Nilipigwa sana wiki ya kwanza. Mkono wangu ulikuwa bado unakitafuta wenyewe kile kipande cha nne, bila kuniuliza.

Mama yake Zuhura hukaanga vitumbua pale pale uani, na masomo yetu akawa anayasikiliza. Siku moja akanyoosha mwiko kwenye fulana.

"Nyie watoto, hilo la kushoto mbona mmelikata ubavuni?"

"Halijakatwa, mama. Limejibana ili kuupisha moyo."

"Haa! Basi lina adabu hilo pafu."

Tangu siku hiyo sijawahi kulisahau. Pafu la kushoto ni dogo kwa sababu lina adabu.

Nilianza kuipenda hiyo sura niliyoidharau. Sikujua kwamba ncha ya pafu inapanda mpaka juu ya mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, karibu na shingo. Sikujua kwamba tawi la kulia la bomba la hewa ni pana na limesimama wima kuliko la kushoto, ndiyo maana punje ya hindi ikimpalia mtoto mara nyingi huenda kulia. Na sikujua kwamba pafu halina msuli wa kujivuta lenyewe. Linafuata tu. Mbavu zikitanuka na kiwambo kilicho chini kikishuka, pafu linafuata, na kinachofanya lifuate ni tando mbili nyembamba. Mmoja umelivaa pafu lenyewe, mwingine umebandikwa upande wa ndani wa mbavu, na kati yake kuna majimaji kidogo tu. Zuhura alilowanisha mifuko miwili ya nailoni, akaibandika pamoja. Inateleza huku na huku bila shida, lakini ukitaka kuitenganisha inakung'ang'ania.

Niliishika ile mifuko, nikaitelezesha. Nilikijua hicho kitu. Nilikijua tangu darasa la pili, ila hakuna aliyekuwa ameniambia jina lake.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Tulikuwa sita wa kurudia, tumekaa kwenye benchi, kila mmoja anatetemeka na kusingizia baridi. Nikaitwa wa nne. Nikasema moyoni, haya, na namba yenyewe ni hiyo hiyo.

Mzee Endelea akafungua faili, akanitazama, akauliza swali lile lile. Pafu la kulia lina vipande vingapi?

Vitatu. Cha juu, cha kati, cha chini.

"Endelea."

Kushoto viwili, na pale pa kuupisha moyo. (Nusura niseme lina adabu.)

"Endelea."

Jamani, lile neno! Mara hii sikupaa, nilikuwa nazama. Nilisema kila kilichokuwa kitabuni: bomba, matawi, vifuko vidogo vya hewa, kiwambo, tando mbili na majimaji yake. Nikasema pafu lenyewe halisikii maumivu, unaouma ni utando wa nje. Endelea. Nikasema jina la kila utando. Endelea. Kitabu kikaniishia. Sikuwa na neno hata moja la Kiingereza lililobaki.

Basi nikaendelea kwa Kiswahili. Nikamwambia baba yangu ni mwenye bucha. Kila kifua anachokifungua hupitisha mkono kati ya pafu na mbavu, na mkono ukiteleza anajua mnyama alikuwa mzima, kwa sababu tando mbili zile hazijashikana.

Akaweka kalamu chini.

"Na mkono usipopita?"

"Basi mnyama aliwahi kuugua kifua, daktari. Tando zimegandana."

"Na mtu je?"

"Na mtu vilevile. Akivuta pumzi ndefu anashika ubavu."

Akafunga faili. Halafu, naapa, Mzee Endelea alitabasamu. Ana pengo upande wa kushoto, hakuna mwanafunzi aliyewahi kulijua. Akaniambia kwamba baada ya ile siku ya pembe alikwenda kumwuliza rafiki yake, daktari wa mifugo. Yule rafiki akamthibitishia kila nilichosema, mpaka lile tawi linalochomoka mapema.

"Kwa ng'ombe ungepata zote," akasema. "Nenda. Na mwambie mzee wako, kwenye utando hakukosea."

Saa nane mchana karatasi ikabandikwa ubaoni. Tumefaulu wanne kati ya sita. Niliwasikitikia wale wawili, na naona haya kidogo kwamba huzuni yangu haikudumu hata dakika tano. Zuhura alipiga vigelegele mpaka mlinzi akatoka kibandani kuona kuna harusi gani.

Leo asubuhi nikaenda bucha. Sikutaka kupiga simu. Nilibeba ile fulana kwenye mfuko, na stetoskopu ambayo mimi na Zuhura tunaimiliki kwa zamu, wiki hii ikiwa zamu yake lakini amenihurumia.

Baba alikuwa anakata mbavu. Kulikuwa na mama mmoja anasubiri nyama yake, amejifunga kitenge mpaka masikioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekula?"

Anajua nilikuwa na mtihani jana. Anauliza nimekula. Nikamwambia nimefaulu.

Kisu kikasimama hewani. "Mapafu?"

"Mapafu."

"Ya watu?"

"Ya watu, baba."

Akakiweka kisu mezani taratibu, akajifuta mikono kwenye koti, mbele, nyuma, mbele tena. Nikampa salamu za daktari neno kwa neno, kwamba kwenye utando hakukosea. Nikamwambia ndipo kitabu kiliponiishia, na kilichonibeba baada ya hapo ni mkono wake. Halafu nikasema lile nililolikalia wiki sita: "Nisamehe, baba. Hukunifundisha vibaya. Ulinifundisha ng'ombe, na ng'ombe nilimjua vizuri. Mtu ndiye sikumsoma."

Baba akiguswa hukimbilia Kimaasai. "Ashe," akasema. Asante. Akageuka kutazama ukuta ambao hauna kitu cha kutazamwa. "Ashe oleng." Asante sana. Macho yangu yakajaa, yake sikuyaona, na yule mama akasema, "Hongereni jamani, ila mimi nyama yangu," tukacheka wote watatu.

Alipomaliza kumhudumia alitaka kuelewa. Kile kipande kidogo cha nyuma ya moyo, mtu hana kabisa? Nikamwambia hana. Akatikisa kichwa. "Pole yake," akasema, kwa huruma ya kweli kabisa kwa binadamu wote.

Nikamwonyesha fulana. Kabla sijamaliza kueleza akavua koti, akavua sweta, katika baridi hii, akaivaa. Imembana tumboni, kwa hiyo mapafu ya Zuhura yamekuwa manene. Akasimama wima chini ya kulabu za nyama na kuniambia nihesabu. Wateja wengine wawili walikuwa wameshaingia. Nikahesabu kwa sauti, nikigusa: kulia kimoja, viwili, vitatu, kushoto kimoja, viwili. Akarudia baada yangu kama mtoto wa chekechea. Alipofika vitatu mkono wake ulitaka kwenda mbele kutafuta cha nne, akauzuia mwenyewe.

Kisha nikatoa stetoskopu. Baba ana miaka ya kutosha na hajawahi kukubali mtu ampime kifua. Husema vifua huwa anavipima yeye. Leo hakusema kitu. Nikaipasha moto kiganjani, nikaipitisha chini ya fulana.

"Vuta pumzi, baba."

Akavuta. Nikasikia hewa ikiingia, laini, kama upepo unaopita kwenye migomba kule kijijini kwetu magharibi ya mlima. Nikasogea kila kipande, mbele na mgongoni, sikuruka hata kimoja. Kuruka nimeacha. Hakuna palipokwaruza wala palipokuwa kimya. Nilikuwa nasikiliza kwa masikio yangu kitu ambacho yeye amekipapasa kwa kiganja maisha yake yote, na safari hii kifua kilikuwa hai, na kilikuwa chake.

Nikaondoa stetoskopu masikioni. 

"Mkono unapita, baba."

Baba akajipapasa kifua juu ya fulana. Halafu akawageukia wateja, akapanua mikono ndani ya ile fulana, na kwa sauti iliyofika mpaka barabarani akasema, "Mmesikia? Daktari amekagua! Basi nipigwe mhuri!"

Hakukubali kuivua. Nimemwacha pale anakata nyama na mapafu ya binadamu kifuani, na gazeti juu ya mapafu ya ng'ombe amelitoa, anafungia maini ya mteja.

Nilipokuwa natoka aliniuliza Jumatatu tunaanza kusoma nini. Nikamwambia moyo. Akafikiri, akanifuata mpaka chini ya ile herufi A, akaniinamia sikioni kama mtu anayetoa siri ya familia.

"Moyo una kamfupa ndani. Kadogo. Usisahau kuwaambia."

Na ni kweli, kamfupa hako nimewahi kukashika. Kwenye moyo wa ng'ombe.

Kwa mtu, sijui. Safari hii sisemi kitu. Nitafungua kitabu kwanza, ukurasa kwa ukurasa, halafu Jumamosi asubuhi nitakwenda machinjioni, na baba anifungulie kitabu cha kwake.